Maumivu ya Siku Nyingi Yasimtenge Mwenzetu

SOMO LA KIKUNDI

Shabaha ya somo: Kuelewa maumivu ya kudumu ni nini, kwa nini humfanya mtu ajitenge na wenzake, na ni mambo gani ambayo mgonjwa, jamaa zake na kikundi wanaweza kufanya ili asibaki peke yake.

Vitu vya kuwa navyo: Rejista ya mahudhurio, katiba ya kikundi, kalamu, na kijiti cha kuchorea chini.

Wakati: Saa moja na nusu. Mkiona ni refu, ligaweni katika mikutano miwili.

Wapendwa wanavikundi, kabla ya kuanza somo hili fungueni rejista yenu. Angalieni majina ya miaka miwili iliyopita. Je, kuna mtu aliyekuwa akija kila mara, halafu akaanza kukosa mara moja moja, halafu akapotea kabisa? Wengine wamehama, wengine wameolewa mbali. Lakini karibu kila rejista ina jina la mtu ambaye hajaenda mahali popote. Yuko pale pale kwake, ng'ambo ya kijito tu, ila hatumwoni. Ukiuliza unaambiwa, "Huyo? Si ni mgongo wake." Basi, mambo yanaishia hapo.

Leo tunataka yasiishie hapo.

Maumivu ya kudumu ni nini?

Kuna maumivu ya aina mbili. Ya kwanza ni kama ya kukatwa na panga au kuchomwa na maji moto. Maumivu haya yana kazi. Yanatuambia, "Ondoa mkono! Tunza kidonda!" Kidonda kikipona, nayo huisha.

Aina ya pili ni yale yanayoendelea, au yanayorudi rudi, kwa zaidi ya miezi 3. Hayo ndiyo madaktari huyaita maumivu ya kudumu. Vijijini mwetu tunayajua: mgongo na kiuno cha mama aliyebeba kuni na maji miaka yote, magoti ya wazee, baridi yabisi ya vidole, miguu inayowaka moto kwa mwenye kisukari, mguu wa kijana aliyeanguka na bodaboda, kansa. Pia kuna watoto na vijana wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Huu uko sana upande wa Ziwa Victoria na pwani.

Wakati mwingine jeraha la kwanza limekwisha kupona, lakini maumivu yanaendelea. Watu huuliza, sasa kinachouma ni nini? Fikirini mbwa wa boma. Mwizi akija usiku, mbwa hubweka, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kuna mbwa ambaye mwizi akishaenda, yeye huendelea kubweka mpaka asubuhi, na tangu siku hiyo hata jani likianguka anabweka. Mishipa ya fahamu na ubongo huweza kuwa namna hiyo. Zimezoea kupiga kelele. Kelele hiyo si ya uongo. Mgonjwa anaisikia kweli kweli.

Kwa hivyo mtu anaweza kupigwa picha ya eksirei, aambiwe mifupa ni mizuri, na bado anaumia. Si eti anajifanya. Tangu Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua kwamba maumivu ya kudumu yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Na walio na shida hii si wachache. Shirika hilo linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Jambo gumu ni kwamba maumivu hayaonekani. Mguu uliofungwa plasta kila mtu anauona na kusema pole. Lakini kiuno kinachouma hakina plasta. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubeba wewe ndipo unajua uzito wake.

Jinsi mtu anavyopotea pole pole

Hakuna anayeamka siku moja akasema, "Kuanzia leo nitakaa peke yangu." Mambo huja hatua kwa hatua. Tutoe mfano.

Tuseme kuna kikundi cha akina mama 20. Wanakutana mara mbili kwa mwezi. Kila mkutano kila mmoja hutoa shilingi 200, na mmoja hupewa zote, yaani 4,000. Faini ya kukosa mkutano ni shilingi 50. Jumamosi hulima pamoja shamba la mwanachama mmoja.

Mama mmoja katika kikundi hiki ana maumivu ya kiuno. Zamu yake ya kupewa ni ya 17. Ametoa mara 11 bila kukosa. Halafu kiuno kinazidi. Jumamosi moja anashindwa kuinama, anarudi nyumbani mapema. Wengine wananong'ona, "Mbona jana alikuwa sokoni?" Maneno yanamfikia. Mkutano unaofuata anaona haya, haji. Wa pili haji. Wa tatu haji. Sasa ana deni la michango 600 na faini 150, jumla 750. Kwa sababu halimi, hana pesa. Kwa sababu ana deni, anaogopa kukutana na mweka hazina hata njiani. Kisha kamati inasoma katiba: atakayekosa mara tatu mfululizo atafutwa.

Amefutwa. Kumbe shilingi zake 2,200 ziko mikononi mwa wenzake 11 ambao tayari wamekula zamu zao. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Lakini ameibiwa. Na zaidi ya pesa, amepoteza watu 19 aliokuwa akicheka nao.

Kwa wanaume ni vivyo hivyo, ila wao hunyamaza zaidi. Mzee ambaye magoti yamekataa haendi tena barazani, haendi mnadani kuangalia ng'ombe. Akiulizwa anasema, "Nina kazi nyumbani." Wengine hutafuta dawa ndani ya chupa ya pombe. Na mtoto mwenye selimundu hukosa shule mara nyingi hata wenzake husahau kumwita kwenye mchezo.

Upweke huongeza maumivu

Hapa chukueni kijiti mchore duara kubwa chini. Juu yake andikeni: MAUMIVU. Mkizunguka, andikeni: KUKAA BILA KUTEMBEA. Kisha: MISULI KULEGEA. Kisha: UPWEKE NA MAWAZO. Kisha: KUKOSA USINGIZI. Halafu mnarudi tena kwenye MAUMIVU.

Mtu akiumia hukaa. Akikaa sana, misuli inayoshika mgongo na magoti hulegea, na viungo hukakamaa. Akiwa amekaa peke yake, hana la kufikiri ila maumivu. Mawazo yanamnyima usingizi. Asiyelala vizuri huamka maumivu yakiwa makali zaidi. Basi anakaa tena. Duara linazunguka kama gurudumu.

Habari njema ni kwamba gurudumu likizuiwa mahali pamoja, linapunguza mwendo wote. Kutembea kidogo kunasaidia. Kulala vizuri kunasaidia. Na kuwa na watu kunasaidia, kwa sababu mtu akiongea na kucheka, ubongo hauyasikilizi maumivu peke yake. Hayaishi, lakini hupungua sauti.

Mambo haya sasa hata wakubwa wa afya duniani wanayatazama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwezi wa Juni 2025 ilisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huharibu afya ya mwili na ya akili.

Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina nyanya wa mtaani. Walifundishwa kusikiliza. Waliwekewa viti vya mbao nje ya kliniki, na mtu mwenye mawazo mengi alikuja kukaa na nyanya na kuzungumza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 watu hao walikuwa na huzuni pungufu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Nyanya hawa hawakuwa madaktari. Walikuwa na kiti, masikio na subira. Ni kikundi gani hapa kwetu kinakosa vitu hivyo?

Mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya

1. Pima nguvu zako kama pesa. Mwenye shilingi mia hanunui sukari ya mia halafu akakosa unga. Lakini wengi wetu, siku maumivu yakipungua, tunalima, tunafua, tunateka maji, zote siku moja. Kesho yake ni kitandani siku tatu. Afadhali kidogo kidogo. Kama unajua ukipalilia dakika 40 kiuno kinaanza kuwaka, acha dakika ya 30, kabla hakijawaka. Kaa, chambua maharagwe, halafu urudi.

2. Weka akiba ya nguvu kwa ajili ya watu. Siku ya mkutano, usimalize nguvu zote kwenye kuni asubuhi. Mkutano nao ni dawa.

3. Tumia vidole kumi. Hospitalini huuliza, "Kutoka sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani?" Fanya hivyo nyumbani pia. Vidole viwili, naweza kufanya kazi. Vidole vitano, nipeni kazi ya kukaa. Vidole vinane, leo naomba kusaidiwa. Watu wa nyumbani wataelewa bila wewe kulalamika siku nzima, nao hawatakisia.

4. Sema mapema, sema kwa ufupi. "Nitakuja, lakini nitaondoka saa tisa." "Nitakuja, ila nitasimama simama." Ukishasema, hakuna atakayeshangaa ukiinuka.

5. Usikatae kila mwaliko. Kama huwezi kwenda harusini siku nzima, nenda saa moja. Kama huwezi kufika matangani, piga simu au mtume mtoto na salamu. Ukikataa kumi mfululizo, wa kumi na moja hautaletwa.

6. Endelea kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya kudumu unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kufunga kiuno kama matibabu ya kawaida. Kutembea mpaka kwa jirani na kurudi ni mazoezi, na ni maamkizi pia. Umepata mawili.

Mambo ambayo jamaa na majirani wanaweza kufanya

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo tuanze na ulimi. Maneno haya tuyaache:

"Hata mimi mgongo huniuma, na ninalima."
"Jana nilikuona sokoni, leo unaumwa?"
"Kuna mtu amekuroga. Hebu fikiria umekosana na nani."
"Ungekuwa na imani ungekuwa umepona."

Maneno kama haya hayaponyi mtu. Yanamfanya afunge mlango. Hayo ya kurogwa ni mabaya zaidi, kwa sababu yanamkosanisha na majirani wale wale ambao angewahitaji.

Badala yake tuseme hivi. Mwenyekiti amefika kwa mwanachama:

"Hodi, mama. Hatujakuona majuma matatu, tukasema tuje tukuamkie."
"Karibu, dada mwenyekiti. Niko tu. Ni hiki kiuno."
"Pole sana. Leo ni vidole vingapi?"
"Leo ni sita. Jana vilikuwa tisa."
"Basi leo afadhali. Sasa nina shida, nimekuja kwako. Kuku wangu wanakufa, na wewe ndiwe uliyekuwa unajua mambo ya kuku. Unafanyaje?"

Mmeona alichofanya? Aliuliza juu ya maumivu, lakini hakukaa hapo. Alimwomba shauri. Mgonjwa anachoka kuwa mgonjwa tu. Anataka pia kuwa mama wa kuku, mwimbaji, mtu wa hesabu, mtu mwenye hadithi. Ziara ya nusu saa kila juma ni bora kuliko ya siku nzima mara moja kwa mwaka. Na ukiahidi Jumatano, uje Jumatano, kwa sababu yeye anahesabu siku.

Watu wa nyumbani nao wasimfanyie kila kitu. Kumnyang'anya kazi zote ni kumwambia hafai. Mwulizeni, "Leo ungependa kufanya nini?"

Mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya

Katiba ya kikundi haikuanguka kutoka mbinguni. Mliiandika wenyewe, na mnaweza kuirekebisha katika mkutano halali. Tunapendekeza mzungumzie mambo haya:

Faini. Mtu aliyetuma habari kwamba anaumwa asitozwe kama aliyekosa bila sababu. Pia kikundi kisimfute mtu kabla watu wawili wa kamati hawajaenda kumwona kwake.

Mchango. Mgonjwa anaweza kutuma kwa M-Pesa, au kwa jirani. Akishindwa kabisa, mnaweza kumbadilishia zamu apate mapema, au mwafikiane apumzike na pesa alizokwisha kutoa zirudishwe. Katika ule mfano wetu, shilingi 2,200 ni zake. Ziandikwe kwenye daftari kwamba ni zake.

Kazi. Si kazi zote ni za jembe. Kuna kujaza udongo kwenye karatasi za miche, kuchagua mbegu, kuandika rejista, kutunza hesabu, kushika ufunguo wa stoo, kuangalia watoto wadogo wakati wengine wanalima, kupiga simu kukumbusha watu mkutano. Mtu wa kiuno anaweza kufanya nyingi kati ya hizi. Zihesabiwe kuwa kazi kamili, sawa na jembe. Zisihesabiwe kuwa huruma.

Mahali pa kukutania. Kama mwenzetu hawezi kupanda kilima, mkutano mmoja kati ya mitatu ufanyike kwake. Msimpe mzigo wa chai, jileteeni. Muwe na kiti chenye mgongo wa kuegemea, na kila nusu saa watu wote wasimame wajinyooshe. Hapo hakuna atakayeonekana wa ajabu.

Simu. Asiyeweza kufika anaweza kusikiliza kwa simu ikiwekwa katikati kwa sauti kubwa. Akisomewa ajenda na kuulizwa maoni yake, bado yumo.

Wawili wawili. Kila mgonjwa awe na watu wawili wa kumtembelea kwa zamu, ili mmoja asichoke.

Usisahau hospitali

Urafiki ni dawa, lakini haujazi nafasi ya matibabu. Tangu Septemba 2023 serikali imepeleka vijijini wahudumu wa afya ya jamii wenye mikoba ya vifaa. Mwiteni wa kwenu aje kwenye mkutano, naye awaelekeze kwenye zahanati au kituo cha afya.

Apelekwe hospitali upesi mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye pia anashindwa kuzuia mkojo au choo, au amekufa ganzi katikati ya mapaja, au miguu inaishiwa nguvu. Vivyo hivyo kama ana homa, amekonda bila sababu, ameanguka, au kiungo kimevimba na kina joto. Mtoto wa selimundu mwenye homa, maumivu makali au kupumua kwa shida asingoje kesho.

Juu ya vidonge: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa saa 24, kwa sababu vikizidi huharibu ini. Na zile dawa kali za maumivu zinazonunuliwa dukani kama ibuprofen na diclofenac, zikimezwa kila siku miezi mingi bila daktari kujua, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kwa mwenye kansa, msikubali kuambiwa kwamba maumivu lazima ayavumilie. Kuna dawa za kuyatuliza, na kuna vituo vya kuwatunza wagonjwa kama hao. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na baada yake vingine vimefunguliwa katika sehemu nyingi za Kenya. Ulizeni hospitali ya kaunti.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika rejista yetu, ni nani aliyepotea kwa sababu ya maumivu? Mara ya mwisho tulimwona lini?
2. Ni kifungu gani cha katiba yetu kinachomfukuza mtu mgonjwa bila sisi kukusudia?
3. Tumewahi kusema maneno gani kati ya yale manne? Tutasema nini badala yake?
4. Tutaje kazi tano za kikundi chetu zinazoweza kufanywa na mtu aliyeketi.
5. Kama kuna mwenzetu hapa mwenye maumivu na anapenda kusema, atuambie: kitu gani kinamsaidia, na kitu gani kinamwumiza zaidi? (Asilazimishwe. Na wengine wasimkatize.)

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Chagueni jina moja kutoka rejista. Watu wawili waende kwake, si kudai deni, bali kumwamkia na kumwuliza ni siku gani na saa ngapi angeweza kukaa na wenzake bila kuumia sana. Katibu aandike jibu lake. Mkutano ujao upangwe kwa saa hiyo.